Kibwezi hadi Chogoria: siku sita kulifuata kanisa la Wapresbiteri

Ukifika kanisa lolote dogo la PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) huko mashambani ukauliza lilianza lini, utaoneshwa jiwe la ukutani. Jiwe hilo linasema kweli, ila linasema habari za ukuta. Watu wenyewe walianza kukutana zamani kabla ya saruji, chini ya mti au kwenye banda la nyasi lililokuwa shule siku za juma na kanisa siku ya Jumapili. Ndiyo maana safari hii haikuanzia Thogoto, kituo cha misheni karibu na Nairobi, ambako wengi huanzia. Ilianzia Kibwezi, kwenye joto na mibuyu, miaka saba nyuma ya Thogoto. Maelezo yameunganishwa nyumbani kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei zote ni zile zilizolipwa njiani, kwa shilingi za Kenya.

Siku ya 1, Alhamisi: Nairobi – Kibwezi – Makindu

Matatu iliondoka saa moja na nusu asubuhi, nauli 700. Hadi Salama mambo yalikwenda vizuri. Hapo lori la kontena lilikuwa limekwama kwenye mteremko, na foleni ikatushika saa moja na dakika arobaini. Wauza mahindi ya kuchoma walipita dirishani (30 kwa gunzi), na dereva akazima injini kabisa. Kibwezi tulishuka karibu saa saba mchana. Ukipenda treni, ile inayosimama vituo vya katikati husimama Kibwezi pia, ila stesheni iko nje ya mji, kwa hiyo tenga pesa ya boda.

Chakula kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa na maharagwe: sahani 150, na chai 30. Kisha tukateremka mtoni. Mzee aliyekuwa akiuza maembe kando ya barabara aliwaachia wajukuu meza, akatuongoza kwa miguu, na akakataa malipo yoyote isipokuwa soda moja baridi.

Ukisimama pale ukingoni ndipo unaelewa kwa nini wamishonari walichagua mahali hapa. Mvua ya vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Inazama kwenye miamba ya volkeno iliyojaa vitundu, inapita chini kwa chini, kisha inachomoza mabondeni kama chemchemi. Kwenye njia kavu ya misafara kutoka pwani kwenda Uganda, maji ya mwaka mzima ni hazina. Mwaka 1891 Sir William Mackinnon na Alexander Low Bruce, aliyemwoa binti wa David Livingstone, wote wawili watu wa kampuni ya Imperial British East Africa, waliongoza uchangishaji wa fedha za misheni ya Kiskoti. Ilikuwa misheni ya kufundisha dini pamoja na dawa, kilimo na ufundi wa mikono. Walimwita Dkt. James Stewart kutoka Lovedale, Afrika Kusini, aongoze msafara. Waliondoka Mombasa mwezi wa Septemba na kufika Kibwezi Oktoba. Mmoja wao, John Paterson, alipanda kahawa hapa miaka ile ya mwanzo, wakati kahawa ilikuwa bado mgeni katika nchi hii.

Yale maji yaliyowavuta ndiyo yaliyowaua. Homa iliwapukutisha, na hawakujua chanzo chake. Neno malaria lenyewe maana yake ni hewa mbaya, na ndivyo walivyoamini. Ronald Ross alikuja kuona vimelea ndani ya mbu huko India mwaka 1897, na kufikia hapo kituo kilikuwa kimekwisha kudhoofika. Mackinnon na Bruce walikufa wote wawili mwaka 1893, kwa hiyo mfuko nao ulikauka. Isitoshe, Wakamba wa eneo hili waliishi mbalimbali, na shule isiyo na watoto jirani haikui. Mwaka 1898 wakahama.

Kwa atakayefuata: Kibwezi haina kibao kikubwa cha kumwelekeza mgeni wa historia hii. Uliza kwanza wazee wa kanisa, kisha mto. Beba chandarua chako na dawa ya kupaka, na usikae kando ya maji baada ya magharibi.

Usiku tulirudi Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi za mafundi wa reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hulishwa bure: dengu, chapati, wali, chai ya maziwa, na kitanda kikiwepo. Unavua viatu, unafunika kichwa (vitambaa viko mlangoni), na huingii na sigara wala pombe. Chukua chakula utakachomaliza, kwani kuacha sahani nusu ni utovu wa adabu. Kuna sanduku la sadaka, na hakuna anayekutazama unapopita mbele yake.

Siku ya 2, Ijumaa: Makindu – Thogoto

Barabara ilikuwa ileile tuliyojia, basi, 600. Kilicho muhimu ni kupanda: Kibwezi iko chini ya mita 1,000 hivi, Kikuyu iko karibu mita 2,000. Tulishuka Nairobi tukiwa tumetota jasho, na tulipofika Dagoretti tulitoa sweta. Nairobi hadi Kikuyu ilikuwa 100 nje ya saa za msongamano. Omba gari linalopita Dagoretti, kwa sababu huko ndiko kituo kilikotua kwanza mwaka 1898 kabla ya kutulia Thogoto.

Jina lenyewe ni ushahidi. Lugha ya Kikuyu haina sauti ya "s", kwa hiyo Scot akawa Thogoto, na kilima chao kikabaki na jina hilo.

Walifika wakati mbaya kuliko wote. Kuanzia mwaka 1898 ukame, nzige na ndui viliiangukia nchi ya Wakikuyu, njaa ambayo wazee waliiita Ng'aragu ya Ruraya. Thomas Watson, aliyekuwa katika msafara ule wa Kibwezi, aligeuka kuwa mgawa chakula. Desemba 1899 alimwoa Minnie Cumming wa Dundee. Desemba 1900 Watson akafa kwa homa ya mapafu, ndoa ikiwa na mwaka mmoja tu, na Minnie akabaki. Watu walimwita Bibi wa Ngambi, yaani bibi wa kambi. Alikusanya watoto, akawafundisha kusoma na kushona, na hakuondoka moja kwa moja hadi mwaka 1931. Kanisa la Scotland lilichukua kituo rasmi mwaka 1901. Ukiniuliza nani aliyelibeba kanisa hili lisife katika miezi ile ya katikati, jibu langu ni mjane huyu mmoja na darasa lake.

Malazi: vyumba vya kawaida Kikuyu mjini vilikuwa 1,500. Chakula cha jioni githeri na parachichi, 120.

Siku ya 3, Jumamosi: Thogoto kwa miguu

Siku nzima haitoshi. Viko jirani kwa jirani: hospitali iliyokua kutokana na zahanati ya Dkt. John Arthur, aliyefika mwaka 1907, Alliance High School, iliyofunguliwa Machi 1, 1926 na misheni za Kiprotestanti kwa pamoja, makaburi, kanisa dogo la kumbukumbu ya Watson na Clement Scott, kiongozi wa kituo baada yake, na kanisa kubwa la mawe, Church of the Torch, lililowekwa wakfu mwaka 1933.

Tazama tarehe hizo. Anayesoma jiwe la 1933 peke yake anakosa karibu miaka thelathini na mitano ya ibada. Katika miaka hiyo Johnstone Kamau, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jomo Kenyatta, alikuja akiwa mwanafunzi mwaka 1909 na kubatizwa Agosti 1914. Katika miaka hiyo, Juni 1913, misheni za Kiprotestanti zilikutana hapa kuzungumzia umoja, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alilalamika kwamba huo ni uzushi, na mzozo ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kijiji cha shamba kilikuwa kimetingisha kanisa la Uingereza. Mwaka 1917 Arthur aliondoka hapa na wanaume karibu 2,000 kwenda kubeba mizigo ya vita.

Torch kwa Kikuyu ni gĩcinga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi, ni kijinga cha moto kilekile, kile kijiti unachokwenda kuomba kwa jirani ukiamka na meko yako yamezimika.

Ndani, tazama mpangilio. Hakuna altare. Kuna meza ya Ushirika, mimbari iliyoinuliwa ili Neno lisikike, na viti vya wazee. Presbuteros kwa Kigiriki ni mzee, na kanisa hili huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa, mchungaji akiwa mwenyekiti wao. Kwa jamii iliyozoea kĩama, yaani baraza la wazee la Wakikuyu, jambo hilo halikuhitaji maelezo marefu.

Makaburini nenda asubuhi, jua likiwa linapiga kwa pembeni, ndipo maandishi yaliyofifia yanapotokea. Usikwangue kuvu kwa kisu wala brashi ya waya, uso wa jiwe unatoka nao. Maji matupu na brashi laini yanatosha, na kama herufi bado hazisomeki, mwangaza wa tochi kutoka ubavuni unafanya kazi mchana wa mawingu. Minnie Watson alifariki mwaka 1949 huko Uskoti, na majivu yake yakaletwa hapa. Mlinzi alituacha tukae hadi saa sita, kisha akatuletea maji ya kunawa bila kuombwa.

Siku ya 4, Jumapili: ibada, kisha Karatina

Fika nusu saa kabla. Mgeni atatambulishwa, atasimama, na atasema jina na kanisa lake. Sentensi mbili zinatosha. Picha ndani ya ibada omba kwa mzee wa zamu, usiombe kwa macho. Baada ya ibada ndipo mambo hutendeka: chai na mandazi nje, na hapo ndipo utapata nambari ya karani wa baraza la wazee wa kule unakokwenda. Mama mmoja wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, alipiga simu tatu mbele yetu, na kufikia saa nane tulikuwa na miadi ya Jumatatu.

Nairobi hadi Karatina 400, saa mbili na nusu. Hakuna la kusimulia isipokuwa nanasi za kando ya barabara.

Siku ya 5, Jumatatu: Tumutumu

Boda kutoka Karatina, 150. Kilima chenyewe unakiona kutoka mbali, na kituo kimekaa ubavuni mwake tangu mwaka 1908, kikiwa tawi la Thogoto. Hapa ndipo utaratibu wa kanisa la kijijini ulipopata umbo lake. Kituo kikuu kinafundisha wasomaji, athomi. Msomaji aliyeiva kidogo anatumwa kijijini na kitabu cha kwanza cha kusoma. Wazazi wanamjengea banda. Banda linakuwa shule, shule inazaa darasa la ubatizo, na darasa la ubatizo linazaa kanisa. Mwaka 1926 mambo mawili yalikutana: Agano Jipya la Kikuyu lilitoka likiwa kamili, kazi ambayo A. R. Barlow wa misheni hii alikuwa miongoni mwa walioibeba, na Musa Gitau, Benjamin Githieya na Joshua Matenjwa wakawekewa mikono kuwa wachungaji, Waafrika wa kwanza wa kanisa hili.

Miadi yetu ilikuwa kwenye kanisa dogo la mawe chini ya kilima, lenye nafasi ya watu kama mia na hamsini. Karani wa baraza, mwalimu mstaafu, alifungua kabati la chuma na kutoa kitabu cha ubatizo. Safu zake ni hizi: nambari, tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, mahali, mchungaji, na mwishoni safu pana ya maelezo. Wengi hupiga picha safu za kwanza na kuiacha hiyo ya mwisho, na kumbe ndiyo inayosema. Amehama. Amefariki. Amesimamishwa. Amerudishwa. Wino wa mwandiko mmoja ni wa buluu iliyopauka, wa mwingine ni mweusi uliokula karatasi hadi ikatoboka, kwa sababu wino wa zamani wa chuma una tindikali.

Kuna mapengo mawili ambayo mtafiti wa kanisa lolote la eneo la Wakikuyu ayategemee. La kwanza ni kuanzia mwishoni mwa 1929, misheni ilipowataka washirika watie sahihi au dole gumba, kirore, kuikana tohara ya wasichana na kujitenga na chama cha siasa cha KCA (Kikuyu Central Association). Washirika wengi mno waliondoka, na kutoka humo zikazaliwa shule na makanisa huru. La pili ni baada ya Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa kwa ajili ya Mau Mau. Watu walipohamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro, mabanda mengi ya ibada yaliachwa, na kanisa likaanza upya ndani ya kijiji. Ukiona jiwe la miaka ya 1950 au 1960, uliza kanisa lilikuwa wapi kabla ya kijiji. Mara nyingi utaelekezwa kwenye shamba la kahawa la mtu.

Sasa maelezo ya kazi yenyewe.

Ruhusa: barua fupi kwa mchungaji wa parokia, siyo kwa karani, na iwe na tarehe unazotafuta. Karani hana mamlaka ya kukufungulia peke yake. Hakuna ada, ila changia sanduku la kanisa. Sisi tulitoa 500.

Kitabu kiko wapi: parokia zinapogawanyika, vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki kwa parokia mama. Kanisa lako dogo linaweza kuwa na rejista ya mwaka 1978 tu, na ya 1931 ikawa kilomita kumi kutoka hapo. Fuata parokia mama, kisha mama yake, hadi kituo cha misheni. Usipopata, kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi, na barua za wamishonari wenyewe ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh.

Kupiga picha: mikono mikavu na safi ni salama kuliko glavu, maana glavu inakosa hisia na kurarua ukurasa. Kitabu usikifungue bapa kabisa. Weka taulo mbili zilizokunjwa chini ya majalada. Kaa dirishani, zima flashi, piga jalada kwanza, kisha kila ukurasa kwa mfululizo, hata mtupu.

Majina: Mkikuyu humpa mtoto jina la babu, kwa hiyo Kamau wa Mwangi na Mwangi wa Kamau watapishana kitabu kizima. Watenganishe kwa riika la tohara na kwa njaa. Mzee akisema baba yake alibatizwa baada ya Ng'aragu ya Kimotho, tayari umeshika mwisho wa vita vya kwanza vya dunia na homa kali ya 1918.

Kabla ya kuondoka karani alituonesha ukuta wa kusini. Mawe yamechongwa kwa mkono, alama za patasi zinaonekana zikiwa zimelala upande mmoja, kazi ya mtu wa mkono wa kulia aliyejua kasi yake. Lakini uso wa mawe unabanduka kama ganda la kitunguu. Sababu ni ukarabati: maungio ya zamani yalitolewa na kujazwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe hili laini na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyoingia ukutani hutokea kupitia jiwe na kulibandua. Dawa yake ni kutoa saruji kwa patasi nyembamba, kwa uangalifu, na kujaza chokaa na mchanga, moja kwa tatu, ukiufunika ukuta kwa gunia bichi siku kadhaa ili chokaa isikauke haraka. Gharama ni ya fundi, siyo ya vifaa. Makanisa mengi hupaka rangi ya mafuta juu ya mawe kabla ya sherehe ya miaka hamsini, na hiyo huharakisha ubovu uleule.

Chakula cha mchana tulipewa nyumbani kwa karani: mukimo, kuku wa kienyeji, chai ya kahawia ya maziwa mengi. Mkewe alitufungia nduma za njiani. Jirani alikumbusha kwamba Charles Muhoro Kareri, Mwafrika wa kwanza kuwa Moderator, yaani mwenyekiti, wa Baraza Kuu mwaka 1961, ni zao la Tumutumu, na alilisema hilo kama mtu anayetaja ndugu.

Siku ya 6, Jumanne: Karatina – Embu – Chogoria

Gari la kwanza Karatina hadi Embu 350, la pili Embu hadi Chogoria 350, na kati yake pancha moja na kusubiri abiria dakika hamsini. Baada ya Runyenjes barabara inapinda bondeni na kupanda tena, mto baada ya mto, kote migomba na chai. Hapa Mlima Kenya unauona kwa ubavu wake wa mashariki.

Chogoria inaonesha jinsi walimu walivyotangulia majengo. Walimu Waafrika na ziara za Arthur zilifika miaka ya vita, na Dkt. Archie Irvine alikuja kukaa mwaka 1922. Fedha nyingi za kuanzia zilitoka kwa baba mkwe wake, Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Hospitali ikawa kubwa, na makanisa madogo yakatawanyika kwenye kila mgongo wa kilima. Kasisi wa zamu alituchorea ramani kwa kalamu nyuma ya karatasi ya matangazo, na makanisa matano yalitembeleka kwa boda moja kwa 600 alasiri nzima. Manne kati yake yana jiwe la miaka ya 1970 au baadaye, enzi ya Jitegemea, baada ya John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, kutaka mwaka 1971 wamishonari na fedha za nje zisimame kwa muda. Kwenye yale manne, wazee walitaja mti au banda la zamani zaidi ya jiwe. La tano halina jiwe kabisa. Lina ubao wa darasani uliotundikwa ukutani nyuma ya mimbari, na hakuna aliyetaka kuuondoa.

Epuka Aprili na Mei: udongo mwekundu ukilowa boda haipandi, utashuka na kusukuma. Kurudi, Chogoria hadi Nairobi ilikuwa 600 hadi 700, saa nne na nusu kwa siku njema. Panda kabla ya saa nane mchana, kaa upande wa kulia upate mlima hadi Embu, na nduma zikibaki mgawie aliye karibu.